Je, Wajua? Mandolini, Fidla na Tuni za Mbio Kutoka Ayalandi Hadi Kajiado

Je, wajua kwamba rili moja ya Kiayalandi, yaani tuni ya dansi ya mbio, ikipigwa kwa mwendo wa wachezaji, humaliza mzunguko wake mzima kwa sekunde 34 hivi? Hesabu ni hii. Tuni ya kawaida ina sehemu mbili, kila sehemu ina bari nane, na kila sehemu hurudiwa. Jumla ni bari 32. Kila bari hubeba noti nane fupi, kwa hiyo mpigaji ana noti 256 za kupitia. Kwa mwendo wa mapigo 112 kwa dakika, kila pigo likiwa na noti nne, mkono hupiga noti 448 kwa dakika, yaani saba na nusu kila sekunde. Akifika mwisho hapumziki. Kwa desturi tuni hurudiwa mara tatu hivi, kisha wapigaji huingia tuni nyingine moja kwa moja.

Jigi, aina nyingine ya tuni ya dansi, ni nafuu kidogo. Noti zake huenda tatu tatu, na kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika ni noti sita kila sekunde. Nafuu hiyo humfaa anayeanza na jigi kabla ya rili.

Je, wajua kwamba nyuzi za mandolini na za fidla hulinganishwa sawasawa? Kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni G, D, A na E, na sauti ni zilezile: G ya hezi 196, D ya 294, A ya 440, E ya 659. Tofauti ni kwamba mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa jozi jozi, kila jozi ikitoa sauti moja. Hata urefu wa uzi unaotikisika unakaribiana: sentimita 33 hivi kwa fidla, 35 hivi kwa mandolini. Basi tuni iliyotungwa kwa fidla huangukia vidole vya mpiga mandolini bila kubadilishwa hata noti moja. Mwenye gita hana bahati hiyo. Nyuzi za gita zimeachana kwa vipimo vingine, na tuni ileile humlazimisha kutafuta njia mpya shingoni.

Nyatiti ya Waluo nayo ina nyuzi nane. Hizo hazikupangwa jozi jozi. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda, chombo kimelala mbele yake, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu hugonga ubao kushika mdundo huku mikono ikidonoa.

Je, wajua kwamba mandolini na udi wa Lamu, Mombasa na Unguja ni wa ukoo mmoja? Udi wa Waarabu ulivuka ukaingia Ulaya katika Zama za Kati, ukazaa luti, na katika jamii ya luti vikatokea vyombo vidogo vidogo vya kudonoa. Mandolini tunayoijua leo, yenye nyuzi za chuma, ilipata umbo lake Naples, Italia, katika karne ya 18. Udi umebaki bila freti, vile vyuma vinavyolala shingoni kama kwenye gita, na ndiyo maana mpiga udi kama Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyeishi Mombasa, aliweza kuteleza katikati ya sauti mbili mahali ambapo mandolini hairuhusu. Mandolini imepoteza mtelezo huo. Badala yake mwanafunzi hupata kitu cha thamani: freti humhakikishia sauti sahihi tangu siku ya kwanza, wakati mwanafunzi wa fidla bado anahangaika kutafuta mahali pa kuweka kidole.

Je, wajua kwamba ukijua mchoro mmoja tu wa vidole umeshapata funguo tatu zinazobeba sehemu kubwa ya tuni za Ayalandi na Uskoti? Shika mandolini ujaribu. Piga uzi wa D ukiwa wazi: hiyo ndiyo do. Kidole cha shahada kwenye freti ya pili: re. Kidole cha kati kwenye freti ya nne: mi. Kidole cha pete kwenye freti ya tano: fa. Sasa hamia uzi wa A ukiwa wazi: so. Kisha freti zilezile, ya pili, ya nne na ya tano, kwa vidole vilevile: la, ti, do ya juu. Umemaliza ngazi nzima ya D bila kusogeza kiganja. Anzia uzi wa G kwa mchoro huohuo upate ufunguo wa G. Anzia uzi wa A upate ufunguo wa A.

Sijaona chombo kingine cha nyuzi kinachomfungulia mlango mwanafunzi wa Kiafrika aliyelelewa kwenye kwaya kwa urahisi kama huu. Nataja kwaya makusudi. Watu wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini waliowahi kuimba soprano, alto, tenor au besi kanisani wanaijua solfa tayari. Mfumo huo wa d, r, m, f, s, l, t uliendelezwa na mchungaji wa Uingereza, John Curwen, katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na wamishenari wakausambaza barani Afrika. Huko Uingereza ulififia. Hapa Kenya kwaya bado zinaandika nyimbo zao hivyo hadi leo. Mwanakwaya anayesoma solfa akiipata rili imeandikwa kwa herufi hizo, anaweza kuiimba kabla hajagusa uzi, na anaweza kuihamishia ufunguo wowote papo hapo, kwa sababu do yake huhama naye.

Solfa inafumbua pia fumbo linalowasumbua wengi. Mbona tuni fulani ya Kiayalandi husikika kama ya huzuni, na bado haifanani na wimbo wa kawaida wa huzuni? Jibu ni kwamba tuni hizo hazitui kwenye do. "Drowsy Maggie", rili inayofundishwa sana kwa wanaoanza, hutumia noti za ufunguo wa D lakini nyumba yake ni E, yaani re. "The Red Haired Boy" nayo hutumia noti za D ikatua kwenye A, yaani so. Imba ngazi kutoka re hadi re mara kadhaa, halafu kutoka so hadi so, na sikio litazoea nyumba hizo mpya. Baada ya hapo vidole havitakuwa na kazi ya kubahatisha.

Je, wajua kwamba tuni ya "Amazing Grace", ambayo huimbwa katika makanisa mengi ya Kenya, ina sauti tano tu: do, re, mi, so, la? Tuni nyingi za Uskoti zimejengwa kwa sauti hizohizo tano. Nyimbo nyingi za kiasili za Wakikuyu nazo ni za sauti tano.

Basi isishangaze kwamba Wakikuyu na muziki wa Ulaya walikutana wakaelewana. Je, wajua kuhusu mwomboko? Ni dansi ya wawili wawili iliyovuma Kenya ya kati katika miaka ya 1940, ikipigwa kwa akodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kipande kingine cha chuma. Wanaofuatilia muziki wa Kenya huihusisha na walsi na dansi za Kiskoti walizoziona Waafrika kwa walowezi na wamishenari. Waskoti hawakuwa mbali: misheni ya Waskoti ilianza kazi Kikuyu mwaka 1898, na makao yake ya Thogoto si mbali na vilima vya Ngong, vilivyo katika kaunti ya Kajiado. Mwomboko ni wa Kikuyu kwa lugha, kwa mashairi na kwa roho. Hatua zake za miguu ndizo zinazotukumbusha kwamba dansi za Uskoti zilishawahi kufika hapa, zikachukuliwa na wenyeji, zikageuzwa, na hakuna aliyehitaji ruhusa ya mtu.

 

Je, wajua kwamba muziki wa asili wa Wamaasai, wenyeji wa Kajiado, hautegemei chombo chochote cha nyuzi? Hauna ngoma ya kupigwa pia. Chombo kinachotajwa ni pembe ya tandala, inayopulizwa katika baadhi ya sherehe. Mengine yote yametoka kooni. Olaranyani huongoza kwa kuimba tuni, na kundi humjibu kwa sauti nzito za kooni zinazopumua kwa mpigo mmoja, mpaka moran wanaruka juu kwa mdundo ambao hakuna aliyeupiga kwa mkono. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, zile sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimaasai, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nyimbo ni sehemu ya urithi huo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa sababu Ayalandi na Uskoti zina jambo linalofanana na hilo. Kijiji kilipokuwa hakina fidla wala filimbi, dansi haikuahirishwa. Mtu mmoja aliketi pembeni akaimba rili nzima kwa mdomo, kwa silabi zisizo na maana, kwa kasi ileile ya fidla, na watu wakacheza. Uskoti, Wagaeli wana jina la sanaa hiyo: puirt à beul, tuni za mdomo. Walimu wengi wa muziki huo mpaka sasa humwambia mwanafunzi hivi: kama huwezi kuiimba kwa mdomo, hujaijua, na vidole vyako vitakuwa vinakisia tu.

Nadhani hii ndiyo siri kubwa ya tuni za mbio, na ni siri ambayo Kajiado inayo tayari. Mwanafunzi anayeanza kwa karatasi ya noti hujifunza kusoma. Mwanafunzi anayeanza kwa koo hujifunza tuni yenyewe: mahali pa kupumua, noti ya kutiliwa mkazo, noti ya kupitwa kijuujuu. Kasi haitoki kwenye vidole. Hutokea pale kichwa kinapokuwa kimeshafika mwisho wa bari huku mkono ukiwa bado mwanzoni mwake. Mtoto aliyekua akimjibu olaranyani ameshafundishwa kusikiliza mbele namna hiyo, hata kama hajawahi kuona mandolini maishani mwake.

Kwa anayesafiri kila asubuhi kutoka Kitengela kwenda Nairobi, saa moja ndani ya matatu yatosha kusikia rili moja zaidi ya mara mia, ikiwa mzunguko mmoja ni sekunde 34. Weka vipokea sauti masikioni. Sikiliza tuni moja tu, ile moja, wiki nzima. Usiogope kuchoka nayo.

Je, wajua kwamba mkono wa kulia ndio unaoamua kama umepiga jigi au umepiga kitu kingine? Piki, kile kipande cha plastiki cha kudonolea nyuzi, huenda chini na juu. Kwenye rili hubadilishana bila kukosa: chini, juu, chini, juu, hata unapohama uzi. Kwenye jigi wapigaji wengi wa Kiayalandi hufuata mpango mwingine: chini, juu, chini, chini, juu, chini. Angalia kilichotokea katikati: mara mbili chini kwa mfululizo. Mkono wa gita hukataa mwanzoni. Lakini hiyo chini ya pili huangukia noti ya kwanza ya kundi, na uzito wa mkono huishushia mkazo wenyewe. Mcheza dansi husikia huo uzito ndipo anapoweka mguu chini. Ukiubadilisha mpango huo kuwa chini, juu, chini, juu, chini, juu, noti zote zitakuwa sahihi, ila mkazo huo hautakuja wenyewe.

Piki iwe nene, milimita moja au zaidi. Ile nyembamba inapinda, na kupinda kunachukua wakati.

Je, wajua kwamba nguvu nyingi za mkono wa kushoto hupotea bure? Fanya jaribio hili: gusa uzi nyuma kidogo ya freti bila kuukandamiza, piga, usikie mlio mfu. Ongeza nguvu taratibu huku ukiendelea kupiga. Kuna mahali noti inang'aa ghafla. Nguvu hiyo ndiyo inayohitajika, na chochote zaidi ni breki. Kidole kikiinuka, kisiende mbali na uzi; sentimita moja ya hewa ni safari ndefu mtu anapopiga noti saba kwa sekunde. Na kisiinuke mapema. Upinde wa fidla huvuta noti mbili au tatu kwa pumzi moja, sauti haikatiki. Mandolini haina upinde, mlio wake hufifia upesi, kwa hiyo njia kuu ya kuunganisha noti ni kukiacha kidole mahali pake mpaka ile inayofuata izaliwe.

Wapigaji wa fidla hupamba noti ndefu kwa kuizungusha kwa vidole kabla ya kuiacha. Mandolini hufanya vingine: noti hiyo hugawanywa tatu za haraka kwa piki, chini, juu, chini. Mapambo hayo ni ya baadaye. Anayeyakimbilia kabla ya tuni kukaa sawa huiharibu yote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Matthew Walker na wenzake huko Marekani ulipima watu waliojifunza mfuatano wa kugonga kwa vidole. Baada ya kulala usiku, kasi yao iliongezeka kwa asilimia 20 hivi bila kufanya mazoezi zaidi. Wale waliokaa macho kwa muda uleule hawakupata nyongeza ya maana. Basi bari mbili ngumu zirudie jioni, polepole, kwa usahihi, kisha nenda ukalale.

Simu iliyo mfukoni mwako inatosha kuwa mwalimu msaidizi. YouTube huweza kupunguza mwendo hadi nusu na sauti ikabaki kwenye ufunguo wake. Programu za bure hulinganisha nyuzi na kugonga mapigo kama metronomu. Ila jozi za nyuzi zimalizie kwa sikio: uzi mmoja ukiwa hezi 440 na mwenzake 442, utasikia sauti ikipanda na kushuka mara mbili kila sekunde. Kaza au legeza mpaka mawimbi hayo yapotee. Katika ukavu na vumbi la Kajiado, ambako mbao hukauka na kusinyaa, usiache chombo juani wala ndani ya gari. Kirudishe kwenye sanduku lake.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina fidla zake, na nyingi zina uzi mmoja tu? Waluo wana orutu, Wakikuyu wana wandindi, Waganda wana endingidi, Waethiopia wana masinko, na Tanzania ina zeze, ambalo Hukwe Zawose wa Wagogo alilipeleka hadi majukwaa ya Ulaya. Orutu ndiyo ninayowasihi wapenzi wa fidla za kasi waisikilize kwa makini. Mpigaji huiegemeza tumboni, kisanduku chake kimefunikwa ngozi ya kenge, na upinde ni mdogo kama wa mtoto. Vidole havikandamizi uzi kwenye ubao; huugusa tu kwa ubavu. Uzi mmoja, hauna ubao wa kukandamizia, hauna freti, na bado zinatoka tuni za mbio zisizokatika.

Benga ilichota humo. Wapigagita wa Kiluo walihamishia kwenye gita la umeme yale waliyoyasikia kwenye nyatiti na orutu, na Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, akaisambaza pande zote na Shirati Jazz yake. Gita la solo la benga hufuata sauti ya mwimbaji kisha hukimbia peke yake kwenye sehemu ya mwisho. Kijana aliyekwisha kuujua mkimbio huo anaijua tayari kazi ya piki inayohitajika kwenye rili.

Visiwani Unguja kuna kidumbak, ndugu mdogo wa taarabu mwenye damu ya moto: fidla moja inayokimbia, ngoma mbili ndogo, besi ya sanduku lenye kijiti na kamba, cherewa na mkwasa. Hupigwa harusini na hakuna anayekaa. Fidla yenyewe ina miaka mingi Unguja, maana kundi la Siti binti Saad lililokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 lilikuwa na fidla na udi. Leo Dhow Countries Music Academy, iliyoanzishwa Unguja mwaka 2002, hufundisha fidla, udi na chombo kiitwacho kanuni, na mwanafunzi wa Kenya anayetaka kuona jinsi sikio na karatasi vinavyoweza kukaa darasa moja afike huko.

Je, wajua kwamba Mkenya alishiriki katika moja ya albamu zilizoutambulisha ulimwengu kwa mchanganyiko wa muziki wa Kiafrika na wa Kikelti? Afro Celt Sound System walitoa albamu yao ya kwanza, "Volume 1: Sound Magic", mwaka 1996, na miongoni mwa walioalikwa alikuwepo Ayub Ogada na nyatiti yake. Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Heritage Band, bendi iliyolelewa na mradi wa Alan Donovan na Joseph Murumbi. Jumba la African Heritage bado linaitazama mbuga ya Nairobi kutoka upande wa Mlolongo; ng'ambo ya kusini ya mbuga ileile ndiko Kitengela. Kwenye albamu ile nyatiti na filimbi za Ayalandi zimekaa pamoja. Ogada alifariki mwaka 2019. Kama kuna rekodi moja ambayo mwanafunzi wa mandolini wa Kenya hapaswi kuikosa, nasema ni hiyo.

Safari ya kinyume nayo ipo. Anyango, mwanamke wa Kijapani, alikuja Kenya, akaishi kijijini Siaya, akajifunza nyatiti kutoka kwa bingwa wa Kiluo, chombo ambacho kwa desturi kilikuwa cha wanaume. Alijifunza kwa kusikiliza na kuiga, si kwa kitabu.

Banjo ya Kiayalandi, mwenzi wa karibu wa mandolini, ina asili ya Afrika. Vyombo vya ngozi na nyuzi vya Afrika Magharibi vilivuka Atlantiki na watu waliouzwa utumwani, vikawa banjo huko Amerika, na banjo ikaja Ayalandi. Barney McKenna wa kundi la The Dubliners ndiye aliyeeneza mtindo wa kuilinganisha G, D, A, E, oktava moja chini ya mandolini. Kwa hiyo anayejua mandolini anajua banjo hiyo pia.

Wapenzi wa muziki wa kantri, ambao Kenya ni wengi na wana bingwa wao Sir Elvis, wameshazisikia tuni hizi bila kujua. Wahamiaji wa Uskoti na Ayalandi walizipeleka fidla zao milima ya Appalachia, na Bill Monroe wa Kentucky akachukua tuni hizo za fidla akazipiga kwa mandolini mpaka ukazaliwa mtindo wa blugrasi. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha", wimbo uliotokana na jina la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Sauti za kantri zina zaidi ya miaka 70 katika nchi hii.

Mkusanyaji mkuu wa tuni za Ayalandi alikuwa mkuu wa polisi. Francis O'Neill alizaliwa Cork mwaka 1848, akahamia Marekani, akaongoza polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905. Aliwasaka wahamiaji waliokumbuka tuni za nyumbani, akazisikiliza, na kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kuandika noti, alisaidiwa na askari mwenzake aliyejua. Kitabu chake cha mwaka 1903 kina tuni 1,850. Cha mwaka 1907, cha tuni za dansi peke yake, kina 1,001. Wengi wa waliompa tuni hizo hawakuwahi kusoma noti hata moja, na wangekufa nazo.

Kenya ina Tamasha la Muziki tangu mwaka 1927. Ayalandi ina Fleadh Cheoil, inayoandaliwa na chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann kilichoundwa mwaka 1951. Kote kuwili watoto hupanda jukwaani wakiwa wamefunzwa na walimu wao, na kote kuwili ni walimu hao wanaoamua kama tuni za zamani zitavuka kwenda kizazi kijacho.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa muziki wa Kitengela, Isinya, Ngong na Kajiado mjini. Shule ikipata mandolini au fidla, hata moja, msianze na karatasi. Chagueni jigi moja ya ufunguo wa G, "The Kesh" kwa mfano, na wanafunzi waiimbe darasa zima kwa solfa mpaka waweze kuicheza kwa miguu, ndipo nyuzi ziguswe. Na mwaka huohuo mwalikeni mzee mmoja anayejua kuongoza nyimbo za Kimaasai aje aongoze darasa, mkamrekodi kwa idhini yake, na rekodi hiyo ihifadhiwe shuleni kwa watakaokuja.